Malalamiko Dhidi ya Profesa Mgeni Anayefanya Kazi

Idara ya Magonjwa ya Mimea,
Chuo Kikuu cha Kilimo,
Oksuv.
20 Mei

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,
kwa mkono wa katibu wako Bi Lola, ambaye nimemsihi asiifungue barua hii, na ambaye najua anaisoma sasa hivi. Hujambo, Bi Lola.

YAH: PROFESA NIEMI KUTUMIA MUDA WAKE KWA UTAFITI

Mheshimiwa,

Natanguliza heshima zangu zote, na nyuma yake nafuatisha kilio.

Mwaka jana ulitukusanya ukumbini ukatutangazia kwamba chuo chetu kitaingia katika vyuo mia tano bora duniani. Tulipiga makofi hadi njiwa wa darini wakahama. Ukatufafanulia kwamba hao wanaopanga orodha huko waliko wanahesabu, pamoja na mengine, maprofesa wa kigeni, na sisi tulikuwa hatuna hata mmoja wa dawa. Mimi nikasimama mbele za watu nikasema idara yangu itamleta. Nikaandika, nikabembeleza, nikatuma parachichi kavu na picha za milima, na Mungu si Athumani, Septemba tukampata Profesa Kaarlo Niemi kutoka Ufini, bingwa wa kutu ya njano, ule ugonjwa wa majani ya ngano. Mrefu, mpole, mkimya, ana nywele nyeupe za kupendeza kabisa kwenye picha. Nikasema sasa tumefika.

Mheshimiwa, tumefika pabaya.

Ombi langu nalitaja mapema usije ukapata taabu ya kulitafuta. Naomba profesa huyu arudishwe kwao kwa heshima zote. Naomba kile kishamba cha majaribio nyuma ya idara yangu kichimbwe Jumatatu ijayo, ijengwe chemchemi yako ya kurusha maji kama ulivyopanga. Na Muhayyo, mwanafunzi wangu wa uzamivu ambaye pia ni mkazamwana wangu, mke wa mwanangu Sherali, aache kushinda humo shambani akilinda majani kama kuku anayelalia mayai. Fomu ya kukabidhi shamba iko hapa mezani. Nitaisaini nikimaliza kueleza, kwa sababu nataka nikisaini, uwe umeshajua ni kwa nini.

Haya sasa, malalamiko yenyewe.

1. Kufika kwake.

Tulimpokea stesheni kama anavyopokewa mtu. Wapiga tarumbeta ndefu walikuwa wamejipanga, mashavu yamejaa upepo. Pilau ilikuwa jikoni tangu alfajiri. Wasichana wa mwaka wa kwanza walishika mikate na maua. Mgeni akateremka kwenye treni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza, "Maabara iko wapi?"

Kabla ya chai, Mheshimiwa! Kabla hata ya kuulizwa habari za mama yake! Wapiga tarumbeta wakabaki na upepo wao mashavuni, hawajui waupeleke wapi. Mmoja mpaka leo analalamika masikio.

2. Kula kwake.

Mgeni huyu anakula sahani moja. Nimeandika moja, na sijakosea. Akimaliza anaweka mkono kifuani anasema, "Asante, nimeshiba." Mke wangu Zumrad, ambaye hajawahi katika maisha yake kumwachia mgeni ainuke bila kusaidiwa, alimwuliza, "Umeshiba nini, ndugu yangu, hewa?" Alipoona anatabasamu tu, akaingia jikoni akalia. Nilimbembeleza hadi magharibi.

Na ujue kwamba tulikuwa na mpango. Mtaa mzima ulijigawia mgeni: kila adhuhuri nyumba moja, kila Ijumaa harusi, na kama hakuna harusi, tohara. Mgeni wa kawaida mpango kama huo unamfikisha Juni bila kujua, anarudi kwao amenawiri, ana majoho matano na marafiki mia, na sisi tumeshamhesabu. Huyu wiki ya kwanza tu akanijia na kalenda mkononi akauliza, "Kazi ni saa ngapi?" Nikamwambia kwa upole wote, "Profesa, kazi yako ni kuwepo."

Alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, maana watu wa kwao hufikiri kwanza ndipo waseme, tabia ambayo mezani inachosha sana. Kisha akasema, "Nitakuwepo maabara."

3. Chai.

Hili unalijua, na nalitaja kwa aibu. Kwetu mgeni tunayempenda tunammiminia chai kidogo, mafunda mawili matatu, ili turudi kummiminia tena na tena, na kila tukirudi ajue kwamba tunapenda akae. Kikombe kikijaa hadi ukingoni, maana yake moja tu: kunywa, ndugu, uende zako. Mtoto wa miaka minne analijua hili.

Sasa ulipotutembelea wewe na wale waheshimiwa wa wizarani, Profesa Niemi aliona birika liko karibu naye, akataka kusaidia. Akakujazia wewe. Akawajazia na wao, mmoja mmoja, hadi ukingoni, kwa mkono usiotetemeka, na mwisho akatabasamu. Nashukuru ulivyosema kwamba umepigiwa simu ya dharura. Tulikuona simu umeishika juu chini, lakini tulishukuru.

Ndugu wa wizarani nao wakaondoka. Haijawahi kutokea ziara ya wizara ikaisha kabla ya supu. Na sisi, mchana wote ukiwa mtupu mbele yetu, hotuba zimekufa, nyama imepoa, aibu imetujaa, hatukuwa na la kufanya isipokuwa kazi. Siku hiyo idara yangu ilifanya kazi mpaka jioni. Watu wakazoea. Ndipo ulipoanzia ugonjwa.

4. Maswali.

Nafundisha somo la kutu ya njano tangu Sherali akiwa anatambaa. Mhadhara wangu naujua kama njia ya kwenda nyumbani. Najua ni wapi wanafunzi hucheka, wapi husinzia, na wapi huamka kwa sababu nagonga meza. Profesa Niemi akaja akakaa nyuma, magoti yamemfika kidevuni. Nilipofika pale pa kusema kwamba kutu ama huingia kwenye jani ama haiingii, akanyoosha mkono.

"Samahani. Umejuaje?"

Nikamwambia iko kitabuni.

"Na kitabu kilijuaje?"

Mheshimiwa, kitabu hicho kiliandikwa na mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Nilisema hivyo nikidhani mjadala umefungwa, maana kwetu marehemu habishiwi. Wiki iliyofuata naingia darasani, nafungua kinywa, mikono ikapanda juu darasa zima. "Domla, umejuaje?" Domla hili, Domla lile! Zamani walikuwa wakiniita Domla, yaani mwalimu, huku wameinamisha vichwa. Sasa wananiita huku wameninyooshea kalamu. Nyumbani nikasema kesho mvua itanyesha, na mwanangu wa kumzaa, Sherali, anayeuza matairi na hajawahi kupenda shule, akaniuliza, "Baba, umejuaje?" Na mvua yenyewe haikunyesha.

5. Mpangilio wa majina.

Sisi makala zetu tunaziandika kwa adabu. Jina la kwanza ni lako, kisha manaibu wako, kisha mkuu wa kitivo, kisha mimi, kisha mashemeji, na nafasi ikibaki, aliyefanya kazi. Ni kama tunavyokaa kwenye karamu: mkubwa mbali na mlango, mdogo karibu na mlango, ili aweze kuinuka kuleta mikate. Nani alishawahi kulalamika?

Niemi aliishika makala yetu ya Oktoba akaniuliza nani amefanya kazi hii. Nikamwambia Muhayyo. "Basi Muhayyo awe wa kwanza," akasema. Nikamwuliza, "Na Mkuu wa Chuo atakaa wapi?" Akauliza, "Mkuu wa Chuo alifanya nini?"

Nilikutetea, Mheshimiwa. Nilisema wewe ndiye uliyeidhinisha umeme. Akafikiri, akafikiri, chai ikapoa, ndipo akasema, "Basi tumshukuru mwishoni, pamoja na umeme."

6. Kula utafiti wake.

Hapa naomba uketi.

Majira ya baridi yote mgeni huyu na Muhayyo, Sherali akiendesha gari, walikuwa wakipanda vijiji vya milimani wakiwaomba wazee ngano za kale, zile ambazo hazilimwi tena bondeni. Kila nyumba iliwapa kidogo. Walirudi na vifuko arobaini vya kitambaa, kila kimoja kina jina la kijiji, na wakachambua punje kwa punje hadi macho yakawa mekundu. Walivihifadhi ghalani kwangu, kwa sababu maabara yetu ina panya ambao, kwa bahati mbaya, nao wanapenda sana mbegu.

Ikaja Navruz, mwaka mpya wetu wa majira ya kuchipua. Navruz bila sumalak si Navruz, na mwaka huu mke wangu alikuwa na mgeni wa kumpikia uji huo wa ngano iliyochipua, mgeni anayekula sahani moja, na aliapa kwamba safari hii atamshinda. Akaingia ghalani kutafuta ngano nzuri. Akaiona. Mwenyewe alinisimulia akiwa amefurahi kupita kiasi: "Nikasema, Mungu nisamehe, nilimdhania huyu mtu hana adabu! Kumbe kaleta ngano yake ya sumalak, tena kaichambua mwenyewe, mwanamume!"

Akaloweka yote. Akaitandaza kwenye mbao mpaka ikachipua, akaisaga, akaipika na wanawake wa mtaa mzima kwa nyimbo na vicheko. Vifuko akavifua akavikunja vizuri, maana si mtu wa kupoteza kitambaa. Bakuli la kwanza likaenda kwa mgeni.

Mgeni akaonja. Akasema, "Tamu." Mke wangu akang'aa. Mgeni akauliza, "Ni ngano gani?" Mke wangu akamweleza, kwa fahari, neno kwa neno.

Kijiko kikasimama. Machozi yakaanza kumtiririka mzungu yule, kimyakimya, yakaingia kwenye ndevu. Mtaa mzima ukaguswa! Haijawahi kutokea sumalak ikamliza mgeni namna hii. Wanawake wakalia naye. Imamu wetu akaomba dua. Mimi mwenyewe nikamvika joho la hariri. Muhayyo peke yake alikuwa amekaa chini ukutani, uso hauna damu, na mimi nikadhani ana mimba, nikafurahi.

Profesa akamaliza bakuli lake. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu afike nchini, akaomba la pili. "Ni utafiti wangu," akasema. "Nani mwingine aule?"

Mheshimiwa, mtu mwenye busara angeishia hapo. Kazi ya majira mazima imeliwa, joho umevikwa, kaa sasa, tulia, uhesabiwe. Nilimwambia hivyohivyo. Kumbe!

7. Ubao.

Zumrad alikuwa amesahau ubao mmoja nyuma ya tanuri la mikate. Ngano iliyokuwa juu yake ilikuwa imeshageuka kijani, na ngano ya kijani huharibu sumalak, huwa chungu. Akamwambia Muhayyo awape kondoo. Mkazamwana mwema hupewa neno moja akafanya. Huyu wangu aliuficha ule ubao nyuma ya nyumba, akawa anaumwagilia maji kila asubuhi akishafagia uani, na sisi hatujui.

Mwanzoni mwa Aprili nilikuwa na wageni sebuleni, watu wazito, na Profesa Niemi nimemkalisha mbali na mlango kabisa ili asitoroke. Mlango ukafunguliwa kwa teke. Mkazamwana wangu, ambaye huingia na birika mkononi na kichwa ameinamisha, aliingia mbio na ubao kichwani, udongo unadondoka, akaubwaga katikati ya kitambaa cha chakula. Juu ya mikate! Nikasema, binti huyu amepagawa.

"Domla! Baba! Tazameni!"

Majani yote ubaoni yalikuwa yamejaa kutu ya njano, ukigusa unatoka na unga wa manjano kidoleni. Yote, isipokuwa konzi moja pembeni. Hilo konzi moja lilikuwa kijani, safi, kama halijasikia habari za ugonjwa.

Niemi akapiga magoti juu ya pilau. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akatazama, akamtazama Muhayyo, akatazama tena. Kisha wakaanza kucheka, wote wawili, vicheko vya watu waliopoteza akili. Halafu mgeni akainuka akacheza. Alicheza, Mheshimiwa! Mtu ambaye tarumbeta sita hazikumtikisa bega! Alikuwa anaruka na joho langu, kichwa kinagonga taa, na Sherali anampigia makofi, na mke wangu anauliza, "Jamani, kumetokea nini, nani kaoa?"

Mimi niliendelea kula. Mtu mmoja lazima alinde heshima ya nyumba.

8. Shamba.

Konzi hilo hawajui limetoka kifuko kipi, maana vifuko vimefuliwa. Hawajui kijiji, hawajui mlima. Kwa hiyo hayo majani ndiyo hayo, hakuna mengine, na wameyahamishia kwenye kishamba nyuma ya idara yangu, palepale itakapojengwa chemchemi yako.

Nimeuona mchoro wa chemchemi ile. Una mabomba kumi na mawili, taa za rangi, na tufe la dunia linalozunguka juu ya maji likiwa na jina la chuo chetu. Nilipouona, nilivua kofia. Picha kama hiyo kwenye kijitabu cha chuo, nani atauliza mengine?

Lakini nyumbani sina raha. Muhayyo anatoka kabla ya chai. Zumrad anafagia uani mwenyewe, na badala ya kulalamika kama inavyompasa mama mkwe, anambebea chakula cha mchana shambani na kurudi akinieleza habari za vimelea. Mke wangu! Juzi nilisema mchuzi hauna chumvi. Mke wangu na mkazamwana wangu wakatazamana, wakaniuliza kwa pamoja, "Umejuaje?" Wakacheka hadi wakashikana.

Jana Muhayyo alinijia hapa ofisini, akasimama karibu na mlango. Hakucheka. "Baba," akasema, "nipe hadi mavuno tu. Nikipata mbegu, hata kiganja kimoja, wachimbe wanavyotaka, nitawashikia jembe. Lakini ukisaini sasa, imekwisha. Hakuna pengine pa kuipata." Nikamwambia, mwanangu, vyuo vyote vikubwa duniani vina chemchemi. Akaniuliza, "Na ndani yake kuna nini, Baba?" Nikamwambia maji. Akainamisha kichwa kama zamani akatoka, na mimi nikachukua kalamu nisaini, nikaiweka tena, nadhani ina wino mbaya.

Sasa, Mheshimiwa, tufikirie kisomi.

Kinachotuchelewesha kuwa chuo cha utafiti kinachotambulika duniani ni utafiti. Nimelipima jambo hili kila upande. Anayetafiti huona kitu, akiona kitu huuliza, akiuliza hutaka darubini, umeme na muda, na baada ya kupewa vyote hivyo hurudi kwako na kusema, "Sijui." Neno hilo halikuwa likisikika katika idara yangu. Nilikuwa najua mimi, wakuu wangu walijua, wanafunzi walijua kwamba tunajua. Leo nikipita ukumbini nasikia "sijui" mlango huu na "sijui" mlango ule, tena wanasema kwa furaha. Chuo gani hicho cha watu wasiojua?

Napendekeza basi, kwa faida ya taifa, kwamba tulete maprofesa wa kigeni mia moja, wapishi mia mbili, na maabara zote zifungwe funguo na kugeuzwa nyumba za wageni. Makala ziandikwe kwa umoja: makala moja kila mwaka, majina ya wafanyakazi wote, na kwa kuwa itakuwa nzuri, hakuna sababu ya kuibadilisha mwaka unaofuata.

Kisha kuna suala la wanafunzi. Umetueleza kwamba wapangaji wa orodha hutazama mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, na kadiri wanavyopungua ndivyo chuo kinavyopanda. Nimefanya hesabu hii mara tatu kwa sababu jibu lilinitia kizunguzungu. Tukiwapunguza wanafunzi nusu, tunapanda. Tukibakiza kumi, tunawapita majirani zetu wote. Na tukiwaondoa wote, Mheshimiwa, wote, asibaki hata mmoja wa kunyoosha mkono, hakuna chuo chini ya jua kitakachotufikia! Fikiria: maprofesa mia kutoka pande zote za dunia, wameshiba, wamelala, hakuna swali, hakuna panya, kwa sababu hakuna mbegu, chemchemi inarusha maji, taa zinawaka, tufe linazunguka. Si mia tano bora tena. Ni wa kwanza. Wa kwanza duniani!

Ndiyo maana nasema shamba lichimbwe, mgeni aende kwao, na Muhayyo arudi nyumbani. Fomu nitaiambatanisha pamoja na barua hii.

Nabaki mtumishi wako asiyeuliza,

Profesa Abdusamad Nishonov,
Mkuu wa Idara ya Magonjwa ya Mimea

Nisalimie mama watoto, na mama mkwe wako aliyeumwa jino, na manaibu wako wote kwa mpangilio wao, na dereva, na Bi Lola ambaye bila shaka amefika hapa kabla yako. Zumrad anawasalimu, na anasema njooni, kuna samsa za nyama.

Nyongeza: Mheshimiwa, subiri kwanza.

Leo asubuhi nilikwenda shambani na kamba, kupima eneo ili nisije nikasaini vipimo vya uongo. Muhayyo alikuwepo. Alinipa kioo cha kukuzia. Nikainama kwa ajili ya adabu. Jani lilikuwa kijani, nikasema kutu haikuingia, kama ninavyofundisha. Nikatazama vizuri. Imeingia! Imeingia ndani, imetembea kidogo, ikasimama. Jani halina jeraha, halina doa, na kutu imesimama tu humo ndani, kama mgeni aliyeingia sebuleni akakuta hakuna aliyemwambia keti.

Nikamwuliza Muhayyo, kwa nini imesimama? "Sijui, Baba." Nikamwuliza Niemi. Akafikiri, na safari hii nilimsubiri, wallahi nilisubiri bila kupumua. "Sijui. Sijawahi kuona." Tukampigia simu mwenzake huko Ufini, naye akampigia mwenzake, na huyo akampigia mwingine ng'ambo ya bahari. Hakuna anayejua! Mheshimiwa, dunia nzima hakuna anayejua, na jani lenyewe liko Oksuv, nyuma ya ofisi yangu, nimelishika!

Nimepiga magoti kwenye matope tangu asubuhi na suruali ya kikao. Zumrad ameniletea chakula, sikumbuki kama nimekula. Yote niliyoandika huko juu yafute, ila la chai, lile lilikuwa kosa kweli. Fomu ya kukabidhi shamba haipo tena. Tulihitaji karatasi ya kufungia majani, tukaikata vipande. Trekta lisije Jumatatu. Likija, limwone Muhayyo kwanza, maana yeye ndiye kiongozi wa utafiti huu na mimi ni msaidizi wake. Ameniambia nisikanyage mstari wa tatu.

Kile kikao cha kesho, cha kujadili namna ya kuwa chuo bora duniani, sitahudhuria. Nina kazi.